SOMO LA WAFANYAKAZI: MLIMA WA KASUBI, MFEREJI WA LUBIGI NA MPANGO WA MJI



Wengi wetu tukisikia maneno "mpango wa mji" twadhani ni kazi ya mainjinia na wakubwa wa ofisini, wenye ramani na kalamu. Tena siku hizi yameongezwa maneno mapya: mji endelevu, mji wa akili, mji unaokabili mabadiliko ya tabia nchi. Mfanyakazi aliyetoka zamu ya usiku akakuta maji yamefika kwenye godoro hana haja na maneno hayo. Anataka kujua maji yametoka wapi na yataondoka lini. Basi katika somo hili tutaanza na maji hayo hayo, tuyafuate kutoka mlimani mpaka bondeni, na mwishoni tutaona kwamba habari ya maji ni habari ya ardhi, ya kodi ya nyumba na ya mshahara.

Tumechagua Kasubi, katika Divisheni ya Lubaga mjini Kampala, kando ya barabara ya Hoima. Wafanyakazi wengi wamepanga vyumba huko, na yanayotokea Kasubi yanatokea pia katika miji mingine ya Afrika Mashariki.

Kasubi yajulikana duniani kwa makaburi ya Wafalme wa Buganda. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga kasri lake juu ya mlima huo mwaka 1882, akazikwa humo mwaka 1884, na baada yake wakazikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. Shirika la UNESCO liliyaweka makaburi hayo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Jumba kuu la nyasi liliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, likaanza kujengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi katika orodha ya mahali palipo hatarini. Lakini sisi leo hatupandi mlima huo kwa ajili ya habari za ufalme. Twapanda kwa ajili ya udongo. Eneo lote la makaburi ni kama hekta 26, na sehemu kubwa yake si majengo: ni migomba, miti na majani. Mvua ikinyesha hapo, maji mengi huzama ardhini. Ukivuka ua tu na kutazama chini, waona mabati yameshikana na mabati, na kati yake vijia vya saruji. Huko maji hayana pa kuzama.

Tufanye hesabu. Chukua nyumba ya vyumba vichache vya kupangisha, ambavyo Waganda huviita mizigo, yenye paa la bati la meta 10 kwa meta 6. Hilo ni paa la meta za mraba 60. Ikinyesha mvua ya milimeta 50, ambayo kwa Kampala ni mvua kubwa lakini si ya ajabu, paa hilo peke yake litamwaga lita 3,000. Hizo ni jerikeni 150 za lita 20. Nyumba mia za namna hiyo kwenye mteremko mmoja zitamwaga lita 300,000 kwa saa moja au mbili, na yote yashuka upande mmoja, yakichukua njiani udongo, mifuko ya plastiki na kinyesi cha vyoo vilivyojaa. Hapo hatujahesabu njia zenye lami wala nyua za saruji. Kila anayejenga juu hupeleka jerikeni zake kwa jirani aliye chini, naye jirani wa chini kabisa hana pa kuzipeleka.

Wapo wanaosema kwamba mafuriko ni mabadiliko ya tabia nchi, na wapo wanaosema kwamba ni ujenzi mbaya. Mabishano hayo hayana faida, maana mambo hayo mawili yafanya kazi pamoja. Wataalamu wamethibitisha kwamba joto la hewa likipanda digrii moja, hewa yaweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Dunia imekwisha pata joto la zaidi ya digrii moja tangu viwanda vya Ulaya vilipoanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi. Kwa hiyo wingu linapopasuka lamwaga maji mengi zaidi kwa muda mfupi. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka kuvunja rekodi yake ya mwaka 1964. Tarehe 26 Machi 2025 mvua moja tu iliua watu mjini Kampala. Mvua hiyo ingenyesha juu ya mji wenye udongo wazi na vinamasi vyake vyote, madhara yangekuwa madogo zaidi.

Sasa tufuate maji. Mtu mgeni angedhani maji yote ya Kampala huingia Ziwa Victoria, maana ziwa liko karibu. Yale ya mabonde ya Nakivubo huenda huko. Lakini maji ya upande wa kaskazini wa Kasubi hushuka Kawaala, yakaingia bonde la Lubigi, na Lubigi hulipa ziwa kisogo: huelekea mto Mayanja, kisha Kafu, mpaka Nile. Lubigi ni kinamasi cha mafunjo. Mafunjo si magugu ya bure. Mizizi yake hushika maji kama sifongo na kuyaachia polepole, na tena huchuja uchafu. Ndiyo sababu Shirika la Maji lilijenga mtambo wa kusafisha maji machafu huko huko Lubigi, karibu na barabara ya Hoima, ukafunguliwa mwaka 2014.

Kinamasi hicho kimeliwa kwa pande zote. Barabara kubwa ya Northern Bypass, iliyofunguliwa mwaka 2009, ilipita ndani yake. Malori yalimwaga udongo mwekundu, usiku na mchana, viwanja vikauzwa, gereji na maghala yakasimama, na pembeni yake vikajengwa vyumba vya kupangisha watu wa kipato kidogo. Yafaa ieleweke vizuri ni nani aliyefanya nini hapa. Mpangaji wa chumba kimoja hana lori. Yeye alifika baada ya kinamasi kujazwa, akalipa kodi ya miezi mitatu mbele, akaambiwa mahali hapa ni pazuri.

Kwa nini alikwenda bondeni? Twende nyuma kidogo. Wakati wa ukoloni Kampala ilikuwa miji miwili. Upande mmoja ulikuwa mji wa Waingereza, uliochorewa mipango mwaka 1912, 1930 na tena 1951, wenye vilima vya Wazungu na mitaa ya Wahindi. Upande wa pili ulikuwa Kibuga, mji wa Mengo chini ya Serikali ya Kabaka, na Kasubi ilikuwa upande huo. Wafanyakazi waliojenga na kuendesha mji wa kwanza walilala katika mji wa pili, ambako ramani za mji wa kwanza zilikuwa hazifiki. Miji hiyo iliunganishwa mwaka 1968, lakini mifereji na mabomba hayaunganishwi kwa sheria tu. Pengo lile bado laonekana mvua inyeshapo.

Juu ya hilo weka mshahara. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, Shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais hakutia sahihi. Mtu asiye na ulinzi wa kima cha chini hachagui mlima. Anachagua chumba anachoweza kulipia ambacho kiko karibu na kazi, naye mwenye nyumba anajua hivyo. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi kinapodai mshahara wa kutosha, kinadai pia kwamba watu waweze kulala mahali pakavu. Sijaona mkutano hata mmoja wa "mji wa akili" uliolitaja jambo hili.

Tuje kwenye kisa chenyewe. Serikali ya Uganda ilikopa dola milioni 175 kutoka Benki ya Dunia kwa mradi wa kujenga barabara na mifereji ya Kampala, uliosimamiwa na Halmashauri ya Mji, yaani KCCA. Sehemu moja ya kazi ilikuwa kupanua mfereji wa Lubigi ili maji ya mvua kubwa yapite bila kufurika Bwaise, Kawaala na mitaa mingine. Kazi hiyo ilikuwa na haja kweli. Lakini mwezi wa Desemba 2020 watu wa Kawaala Zone II walifikiwa na maofisa, walinzi na mashine. Kwa maelezo ya wakazi, nyumba zilitiwa alama, watu wakapewa siku 28 kuondoka, na fidia haikuwa imepangwa kwa haki. Wengine walikuwa na vibanja, wengine walilima magimbi na miwa pembeni ya kinamasi, wengine walikuwa wapangaji.

Wakazi hawakukaa kimya. Mwezi wa Juni 2021, wakisaidiwa na watetezi wa haki, walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Jopo hilo lipo kwa kazi ya kusikiliza watu wanaodai kudhuriwa na miradi ya Benki, na wengi hawajui kwamba mtu wa kawaida aweza kuliandikia. Baadaye pande zote zilikubali kukaa mezani mbele ya wapatanishi, na mwaka 2023 mazungumzo yakafikia mapatano. Angalieni muda: kutoka alama ukutani mpaka mapatano ni zaidi ya miaka miwili. Laiti watu wangehesabiwa na kusikilizwa kabla ya mashine kuwashwa, mfereji usingechelewa na watoto wasingeishi kwa hofu.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Mfereji ulipimwa vizuri: upana, kina, mteremko na kasi ya maji, lakini watu waliokaa juu ya njia yake hawakupimwa vizuri. Mpango unaojua maji na usijue watu ni nusu ya mpango, na nusu hiyo ndiyo inayoleta polisi.

Yapasa kila mfanyakazi ajue sheria tatu au nne. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 26, yasema kwamba mali ya mtu haiwezi kuchukuliwa kwa faida ya umma mpaka alipwe kwanza fidia ya haki na ya kutosha. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu Kabisa ilithibitisha jambo hilo katika kesi iliyohusu Mamlaka ya Barabara, ikasema Serikali haiwezi kutwaa kwanza na kulipa baadaye. Kwa upande mwingine, kifungu cha 237 cha Katiba hiyo hiyo chasema vinamasi vyashikwa na Serikali kwa amana ya wananchi wote. Kwa hiyo anayejenga ndani ya kinamasi leo anajenga juu ya mali ya wote, na asije akadhani karatasi ya mwenyekiti wa LC1 itamwokoa. Mwezi wa Juni 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba nyingi ndani ya Lubigi, na wengi waliobomolewa hawakulipwa kitu, kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini mpangaji je? Fidia ya nyumba humwendea mwenye nyumba. Mpangaji hubaki na godoro barabarani, na kodi aliyolipa mbele imepotea. Kanuni za Benki ya Dunia zilizotumika kwa mradi huo zilitaka hata mtu asiye na hati ya ardhi ahesabiwe na kupewa msaada wa kuhama, mradi awe alikuwapo kabla ya siku ya mwisho ya kuhesabiwa. Wengi hukosa msaada huo kwa jambo dogo: siku ya kuhesabu walikuwa kiwandani, zamu ya asubuhi, na hakuna aliyewaandika. Ndugu, kama wapima ardhi waonekana mtaani kwenu, mwombe msimamizi ruhusa ya saa mbili. Weka nyumbani nakala ya risiti za kodi zenye tarehe na jina. Piga picha ya chumba chako na mali yako kwa simu. Na kama tawi lina wanachama 30 wanaokaa mtaa mmoja, tawi lenyewe na liandike orodha yao liipeleke kwa ofisa wa mradi, lipate muhuri wa kupokewa.

Je, kuna mahali palipofanywa vizuri zaidi? Tuvuke mpaka mpaka Nairobi. Mukuru ni mitaa ya mabati iliyo kando ya Eneo la Viwanda, na wakazi wake wengi ni vibarua wa viwanda hivyo. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum, yaani hakuna ujenzi wala ubomoaji mpaka mpango ukamilike. Kaya karibu 100,000 ziligawanywa katika makundi madogo ya majirani, na wakazi wenyewe, pamoja na vyuo vikuu na mashirika, wakaandika maji yanauzwaje, vyoo vingapi, njia ipi inafurika. Waligundua jambo ambalo kila mmoja wetu analijua mfukoni: mtu wa kijijini Mukuru alilipa maji na umeme bei kubwa kuliko mtu wa mtaa wa kitajiri. Kisha barabara zikaanza kujengwa, na mabomba yakafuata. Hata hivyo tusidanganyane. Mwaka 2021, Mukuru kwa Njenga, maelfu ya watu walibomolewa nyumba kupisha barabara. Mpango mzuri haujilindi wenyewe. Walioutunga hawana budi kuulinda kila siku.

Na huo "mji wa akili" ni nini? Ukiondoa mapambo, ni mji unaotumia vipimo ili kujua haraka kinachotokea. Si jambo la kuchekwa. Huko Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi na wakazi walitembea mtaa kwa mtaa na simu, wakachora kila mfereji na kila mahali panapofurika. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi wa AirQo, ulioanza mwaka huo huo wa 2015, wenye vyombo vidogo vya kupima uchafu wa hewa, vingine vikiwa vimefungwa kwenye boda boda. Chombo cha kupima kimo cha maji Lubigi, kinachotuma ujumbe kwa simu za watu wa Kawaala usiku maji yanapopanda, si anasa hata kidogo. Mtu akipata nusu saa huokoa mtoto, godoro na unga. Ila chombo hakichimbi mfereji wala hakizoi takataka. Jaa la Kiteezi lilitumika tangu mwaka 1996 na kila mtu aliona linavyopanda. Mwezi wa Agosti 2024 lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Hapo haikukosekana kompyuta.

Kazi nyingi za kupunguza maji ni za mikono na za bei ndogo. Mfereji wa bati na tangi kwenye kona ya nyumba hushika sehemu ya zile lita 3,000, na maji hayo yafulia nguo. Ua ukiachwa majani badala ya saruji hunywa maji. Miti juu ya mteremko hushika udongo usije ukaziba kalvati. Kitu kikubwa ni kwamba hivi vyote vifanywe juu ya mlima kwanza, maana mtu wa bondeni hata akichimba namna gani hawezi kuyarudisha maji ya jirani. Hapo ndipo Halmashauri inapohitajika, kumlazimisha mwenye jengo kubwa la juu kushika maji yake mwenyewe kama sharti la kupewa kibali.

Vivyo hivyo na viwanda. Kiwanda chenye paa la meta za mraba 5,000 humwaga lita 250,000 katika mvua ile ile ya milimeta 50. Ni haki wafanyakazi waulize maji hayo huenda mtaa gani. Na ndugu zetu wa mashamba makubwa ya miwa na chai wasione kwamba jambo hili ni la watu wa mjini peke yao: kambi za mashamba nazo mara nyingi hujengwa mahali ambapo miwa haikufaa, yaani bondeni kwenye unyevu.

Tunaomba kila tawi likae lijadili maswali haya na kutuletea majibu:

Wanachama wangapi wa tawi hulala mahali panapoingia maji, na wangapi kati yao ni wapangaji?

Siku ambayo mafuriko yamefunga njia, je, mkataba wetu wa pamoja wasema nani analipa siku hiyo ya kazi? Kama hausemi, kipengele hicho kiandikwe namna gani?

Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 yataka rasimu ya mpango iwekwe wazi ili wananchi waione na kutoa maoni kabla haijapitishwa. Mpango wa mtaa wenu uko ofisi gani, na ni nani katika tawi atakayekwenda kuuona, siku gani, na nauli yake italipwa na nani?